Mizani na Ngazi za Wapigangumi

Jumapili moja baada ya Misa, vijana wa darasa la sita walinizuia mlangoni pa kanisa hapa Rubaya, wakitaka niwaamulie shauri. Mmoja asema Ilunga Makabu, mtoto wa Kananga, ndiye bondia mkubwa kuliko wote waliozaliwa katika nchi yetu. Mwenziwe ashika jina la Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi. Nikawauliza kama wawili hao walipata kupigana. Wakacheka, maana Kalambay aliacha ulingo kabla Makabu hajaanza, tena hawakuwa wa uzito mmoja. Shauri likafia hapo. Lakini mimi nililichukua mpaka nyumbani.

Ndugu wasomaji, huku kwetu kila mtu aijua mizani. Mchimbaji aletapo koltani yake, halipwi kwa kilo tu, bali pia kwa kadiri ya tantali iliyomo ndani ya jiwe. Na ugomvi hutoka katika hesabu hiyo ya pili, maana kilo kila mtu azisoma kwa macho yake. Ndivyo yalivyo masumbwi. Madaraja ya uzito ni 17, kuanzia kilo 47,6 hata wale wazito wasio na kikomo, na baraza la WBC liliongeza moja mwaka 2020. Uzito wapimwa hadharani. Lakini nani awe wa kwanza katika daraja lake, nani wa tano, hayo huandikwa na kamati, na mabaraza makubwa ni manne, kila moja na orodha yake. Timu za mpira huchezeana zote, pointi zikahesabiwa; wapigangumi hawakutani hivyo.

Basi orodha zimepata kuaibisha wenyewe. Mwaka 1977 mashindano yaliyoonyeshwa katika televisheni ya Marekani yalisimamishwa, kwa sababu gazeti la The Ring lilikuwa limeandikia baadhi ya mabondia ushindi ambao hawakuupata. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba baraza la WBO lilikuwa likimpandisha ngazi Darrin Morris, naye alikwisha kufa tangu Oktoba 2000. Mkuu wa IBF, Bob Lee, alishtakiwa mwaka 1999 kwamba alipokea fedha ili kuwapandisha watu. Mahakama ilimwona ana hatia katika baadhi ya mashtaka tu, akafungwa. Kitabu cha Mithali chachukia mizani ya uwongo, nacho hakikuwa kimeona orodha hizi.

Walakini si kila udhalimu hutoka katika rushwa. Kalambay, aliyekuwa akiishi Italia, alitwaa taji la WBA la uzito wa kati huko Livorno mwaka 1987 kwa kumshinda Iran Barkley, na mwaka uliofuata akamshinda Mike McCallum, ambaye hajapata kushindwa bado. Mwaka 1989 akataka kupambana na Michael Nunn, bingwa wa IBF, ili ijulikane nani mkubwa kati yao. WBA wakamnyang'anya taji, kwa kuwa orodha ilimtaka Herol Graham kwanza. Graham alikuwa na haki ya zamu yake, nakubali. Lakini yashangaza mtu kuvuliwa ubingwa kwa kumtafuta bingwa mwenziwe! Nunn akamwangusha katika raundi ya kwanza.

Makabu naye alilipata taji la WBC la kilo 90,7 mjini Kinshasa tarehe 31 Januari 2020. Mwezi wa Novemba 2021 WBC ilimruhusu Canelo Álvarez, bingwa wa kilo 76, amwanie Makabu, ingawa hakuwa amepigana katika daraja lile hata siku moja. Sababu ni nini? Jina, na fedha zifuatazo jina. Wakati ule watu walimweka Canelo juu katika ile orodha ya kuwalinganisha wote kana kwamba wana uzito mmoja, orodha isiyoweza kuthibitishwa na pigano lolote. Pigano lile halikufanyika. Makabu alikutana na Thabiso Mchunu mnamo Januari 2022, akashinda kwa waamuzi wawili dhidi ya mmoja.

Nilikuwa tayari kumlaumu kila atokaye chini. Kumbe Badou Jack, aliyekuwa zamani bingwa wa kilo 76 zile zile, alipanda taratibu, akamshinda Makabu kwa raundi ya kumi na mbili huko Saudia, Februari 2023. Jack alipitia daraja la katikati kwanza, na hapo ndipo naona tofauti.

Jumapili iliyofuata vijana wakarudi, sasa wamwulizia Martin Bakole, ndugu yake Makabu. Agosti 2024 alimwangusha Jared Anderson mjini Los Angeles, na wengi wakasema mabingwa wamkwepa. Februari 2025 Daniel Dubois aliugua. Bakole akaitwa akiwa Kongo, siku mbili kabla, akafika Riyadh alfajiri ya siku ile ile, akiwa na zaidi ya kilo 140. Joseph Parker akamshinda katika raundi ya pili. Mvulana mmoja akaniuliza kwa nini hakukataa. Nikamwuliza ni lini wangemwita tena.