Kitabu cha Majibu Hakifundishi Jometri

"Mwalimu, nitajie kitabu cha jometri chenye majibu yote, kijana ajisomee nyumbani."

Swali hili hunifikia kila mwaka mahindi yakishauzwa na wazazi wakiwa na chochote mfukoni. Linatoka Laela, linatoka Matai, linatoka mitaa ya hapa hapa Sumbawanga mjini. Anayeuliza ana binti aliyekatisha shule na sasa anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa (QT), au ana kijana aliyeanguka Hisabati na anarudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni mzazi mwema, na fedha ameipata kwa jembe. Lakini swali lake ni baya, nami nimechoka kulijibu mlangoni kwa mmoja mmoja. Leo nalijibu kwa wote.

Hicho "kitabu chenye majibu yote" kipo, na kila mtu anakijua. Ni desa la steshenari: mitihani ya miaka iliyopita iliyokokotolewa, ikapigwa fotokopi, kisha fotokopi ya fotokopi, hadi duara limekuwa yai na herufi za kwenye pembe hazisomeki. Linauzwa kwa imani moja tu, kwamba mitihani hujirudia, na anayekariri majibu ya miaka kumi atafaulu.

Mada hujirudia, ni kweli. Maswali hayajirudii. Katika jometri tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anafaulu, kwa sababu picha ikigeuzwa kidogo tu, jibu lililokaririwa halina pa kushika.

Chukua kanuni ambayo kila desa linayo: pembe iliyo kwenye kitovu cha duara ni mara mbili ya pembe iliyo kwenye ukingo, zote zikisimama juu ya upinde mmoja. Desa linaonyesha pembe ya ukingoni ni nyuzi 35, linazidisha kwa mbili, linaandika 70 na kupiga mstari. Kijana anakariri: zidisha kwa mbili. Sasa mpe swali hili. A, B na C ziko kwenye ukingo wa duara lenye kitovu O. Pembe ACB ni nyuzi 110. Tafuta pembe AOB iliyo ndani ya umbo OACB.

Ataandika 220. Nimeiona 220 hiyo kwenye daftari nyingi mno, imeandikwa kwa kujiamini, pembeni ya pembe ambayo kwa macho tu ni ndogo kuliko nyuzi 180. Jibu sahihi ni 140. Zile 220 ni pembe ya upande wa pili wa O, ule unaoutazama upinde mkubwa. Ukizitoa kwenye 360 zinabaki 140. Desa halikumwambia ni upande upi unaozidishwa, kwa sababu halikumwambia kwa nini unazidishwa.

Kitabu halisi kinamwambia, na maelezo yake hayazidi mistari mitano. Chora mstari kutoka C upite kwenye O hadi ukingo wa pili, uite mwisho wake D. OA, OB na OC ni nusu vipenyo, kwa hiyo ni sawa. Basi OAC na OBC ni pembetatu pacha, na kila moja ina pembe mbili zilizo sawa. Pembe ya nje ya pembetatu ni jumla ya zile mbili za ndani zisizopakana nayo, kwa hiyo pembe AOD ni mara mbili ya ACO, na pembe BOD ni mara mbili ya BCO. Jumlisha. Pembe inayopatikana kwenye kitovu ni ile yenye D ndani yake, na mtoto aliyechora mstari huo kwa mkono wake anaiona D iko upande gani. Hawezi kuandika 220 mahali pa 140. Uthibitisho huu si mpya: Euclid aliuweka katika kitabu cha tatu cha Elements, huko Aleksandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Ni urithi wa zaidi ya miaka 2,000, na desa limeukata ili kuokoa karatasi.

Mfano wa pili mzazi ataujua. Fundi ujenzi anapopanga msingi hupima kamba 3, 4 na 5 ili kona iwe mraba. Yeye anajua kwamba 5 ndiyo inayokabili kona. Mtoto wa desa amekariri namba tatu tu. Mpe pembetatu mraba ambayo upande unaokabili kona ni 4 na mwingine ni 3. Ataandika 5, upande mfupi uwe mrefu kuliko ule ulio mrefu kuliko zote. Jibu ni kipeuo cha pili cha 7, yaani kama 2.65.

Wazee wanaeleza kwamba jina la mji wetu, kwa Kifipa, linamwagiza mgeni atupe uchawi wake. Desa tunalitendea kama hirizi: likiwa mkobani mzazi analala usingizi. Litupwe. Linamwibia anayejisomea peke yake kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu wa shuleni ana mwalimu wa kumuuliza kwa nini, na huyu wa nyumbani ana kitabu tu. Kitabu chake kisiposema kwa nini, hakuna mwingine atakayemwambia.

Basi nunua nini? Kwanza elewa kwamba kwetu jometri haina kitabu chake. Imo ndani ya Hisabati na imegawanywa kwa vidato. Katika muhtasari ambao wengi wanausomea, pembe na uchoraji kwa bikari viko kidato cha kwanza. Maumbo yanayolingana na yanayofanana na kanuni ya Pythagoras, cha pili. Duara na Dunia kama tufe, cha tatu. Vekta na maumbo yenye ujazo, cha nne. Anayenunua cha nne peke yake ameziacha nyuma pembetatu pacha zinazothibitisha kanuni ya duara. Nunua vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kwa mfuatano. Fedha ikipungua, visome bure kwenye maktaba mtandao ya TET, au omba ruhusa ya kusomea maktaba ya sekondari iliyo jirani. Mtaala mpya wa mwaka 2023 unaingia kwa awamu, kwa hiyo uliza kituo cha mtihani kijana atatahiniwa kwa muhtasari upi kabla hujatoa shilingi.

Ukiwa dukani na kitabu kingine chochote, fungua sura ya duara. Kila hatua ina sababu pembeni? Kuna kazi ya bikari? Majibu ya mazoezi yako mwisho wa kitabu, si chini ya swali? Michoro ni safi? Likikosekana moja, rudisha. Kitabu alichotuma ndugu kutoka Marekani, ambako jometri ni somo zima la mwaka mmoja, kinafaa kwa uthibitisho lakini hakifuati muhtasari wetu, na vingi vya huko vinategemea kikokotoo, ambacho kwenye mtihani wetu wa Hisabati kidato cha nne hakiruhusiwi. Mitihani iliyopita ifanywe mwishoni, kwa saa, bila majibu. Kisha soma uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambao Baraza la Mitihani hutoa bure, maana unaonyesha wengine walikosea wapi. Ongeza bikari, kipimapembe, rula, na daftari la kuandikia maana ya maneno ya Kiingereza yaliyomo kitabuni kwa Kiswahili.

Mzazi ambaye hukusoma sekondari, bado una kazi. Jioni mwambie kijana: Sumbawanga iko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, ni kilomita ngapi hadi Ikweta? Akijibu kama 889, usimpongeze bado. Muulize kwa nini. Akichora tufe, akakuonyesha kwamba nyuzi 8 ni sehemu moja ya 45 ya mzunguko mzima wa Dunia, kitabu ulichonunua kinafundisha. Akisema "ndivyo ilivyoandikwa", kesho rudi dukani ukachukue kingine.