Safari ya Usambara Ianzie Vuga

Mipango ya safari za Lushoto ninayoombwa kuipitia hufanana sana. Mgeni anapanda kutoka Mombo, analala mjini, asubuhi anakwenda Irente kupiga picha ukingoni mwa jabali, ananunua jibini na mkate pale shambani, kisha anateremka. Sina ugomvi na Irente, ni pazuri kweli. Ila mpango wa namna hiyo unamrudisha mtu nyumbani akiwa ameiona milima bila kujua ilitawaliwa na nani, tena kutoka wapi. Milima hii ilikuwa na mji wake mkuu, na mji huo ulikuwa pia mahali patakatifu. Unaitwa Vuga.

Vuga iko upande wa Soni, kwa njia ya kwenda Bumbuli. Ukiilinganisha nayo, Lushoto ni mji wa juzi. Wajerumani waliufanya makao ya utawala wao mwishoni mwa karne ya 19, wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Ofisi, barabara na nyumba za wageni zikafuata huko, na mpaka leo safari zetu zinafuata mkondo uleule. Vuga, iliyokuwa kitovu kwa zaidi ya karne moja, ikabaki pembeni ya ramani ya utalii.

Mji mtakatifu haupangiwi safari kama mji wowote. Madurai, kusini mwa India, ni mfano mzuri. Mji mzima umelizunguka hekalu la Meenakshi, na mitaa inayolizingira imepewa majina ya miezi ya kalenda ya Kitamil. Mchana hekalu hufungwa, likafunguliwa tena alasiri. Asiye wa dini ya Kihindu haruhusiwi kuingia chumba cha ndani kabisa. Kwa hiyo anayepanga kwenda Madurai huuliza kwanza ni saa ngapi pako wazi, nani mwenye kuruhusu, na mgeni anaishia wapi. Huhitaji kupanda ndege ili kujizoeza adabu hiyo. Mahekalu ya Wahindu yapo Tanga mjini na katika mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, na pale pia mgeni huvua viatu mlangoni na kuomba ruhusa kabla ya kutoa simu apige picha. Vuga haina mnara wala lango la kuchonga, lakini inataka maswali yaleyale.

Wasambaa husimulia kwamba ufalme wao ulianza na Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu. Aliwagawia wenyeji nyama, akaua simba, nao wakamfanya mtawala wao. Ndipo mfalme wa Vuga akawa anaitwa Simba Mwene. Ukoo wake, Wakilindi, ukatawanyika milimani, kila kilima na mkuu wake, wote wakimtazama aliye Vuga.

Hapa ndipo wasimulizi wengi wa safari hukosea: humweleza Simba Mwene kana kwamba alikuwa jemadari tu. Uzito wake ulikuwa mvua. Watu waliamini kwamba mfalme mmoja asiyepingwa huiponya nchi: mvua hunyesha kwa wakati na mazao hukomaa. Wakuu wawili wanaolingana nguvu wakianza kushindana, dawa zao za mvua hugongana, nchi ikakauka na njaa ikaingia. Ng'ombe, mbuzi na kazi za mikono zilizopandishwa Vuga zilitolewa kwa imani hiyo. Kwa mkulima wa mlimani, anayelima mteremko na kuishi kwa kutazama mawingu, siasa na mvua vilikuwa jambo moja. Ukishalielewa hilo, kila utakachoonyeshwa Vuga kitakuwa na maana. Usipolielewa, utaona kijiji cha kawaida chenye migomba na mahindi.

Kwa macho ni kijiji kweli, na nasema hivi mapema ili mtu asije akalalamika. Mji wa wafalme ulikuwa wa nyumba za miti, udongo na nyasi, na vitu hivyo havidumu kama mawe ya Kilwa. Kinachokupandisha Vuga ni mahali penyewe na watu wanaopajua.

Vuga ilipofikia kilele chake mtawala alikuwa Kimweri ye Nyumbai, aliyekaa madarakani tangu takriban 1815 hadi alipofariki 1862. Aliwaweka wanawe majimboni, na mamlaka yake yakateremka mpaka kukaribia pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848, akarudi 1852. Mwaka 1857 wakaja Richard Burton na John Speke kutoka Pangani, wakamkuta mzee sana. Maandishi yao yanapatikana, ila kwa msomaji wa Kiswahili kuna kitabu bora zaidi cha kuanzia: Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi, kilichoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyewafahamu watawala hao kwa karibu, kikachapishwa upya mwaka 1962. Kitafute maktaba kabla hujakata tiketi. Ukisoma hata sura chache tu, mazungumzo yako na wazee yatabadilika, kwa sababu utauliza habari za watu kwa majina yao, nao watajua hukuja kushangaa.

Baada ya kusoma, tazama msimu. Masika ya Machi hadi Mei hunyesha kwa nguvu milimani. Barabara ya Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za lami na kona, huweza kuangukiwa na udongo, na njia za vumbi za ndani huwa utelezi mtupu ambao hata dereva wa bodaboda mzoefu huuogopa. Juni hadi Agosti hakuna mvua nyingi, lakini kuna baridi na ukungu. Lushoto ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani asiyebeba sweta hujuta usiku wa kwanza. Mimi hupendekeza Septemba, au Januari na Februari. Vuli ikianza, wenyeji wako wengi wanakuwa mashambani tangu alfajiri, na si haki kumtoa mkulima shambani mvua za kwanza zinapoingia.

Siku ya juma nayo ina uzito. Wasambaa wengi ni Waislamu, na Wakristo ni wengi pia. Walutheri walikuwa wameshafungua misheni Mlalo mwaka 1891. Mzee unayemtaka akueleze habari za Vuga, Ijumaa mchana yuko msikitini, au Jumapili asubuhi yuko kanisani. Panga kwenda Jumatatu hadi Alhamisi. Ujue pia kwamba baadhi ya wazee hawapendi kuzungumzia matambiko mbele ya wageni, wengine kwa sababu ya dini yao ya sasa, wengine kwa sababu mambo hayo si ya kila sikio. Mzee akinyamaza, usimsukume.

Ruhusa ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote. Usifike tu. Tafuta mwongozaji aliyezaliwa upande wa Soni au Bumbuli, si yeyote anayekudaka stendi ya Lushoto, na umwombe apeleke taarifa siku mbili au tatu kabla. Mkifika, pitieni ofisi ya kijiji kwanza, ndipo muende kwa wazee. Uliza mapema asante ya wazee hutolewaje, ili msianze kunong'onezana mbele yao. Ukiambiwa kwamba kaburi fulani au kichaka fulani hakiingiliwi, simama hapo. Usikate tawi, usiokote jiwe la kumbukumbu, na usipige picha kwa kujiiba. Mavazi ya heshima yanatosha, kwa wanawake na wanaume, na khanga moja ndani ya mkoba haijawahi kuwa mzigo.

Siku moja nzima iwe ya Vuga peke yake. Ondoka Lushoto asubuhi, teremka hadi Soni, pumzika kidogo kwenye maporomoko, kisha uendelee. Ukipata siku ya pili, songa mpaka Bumbuli. Kwa desturi mrithi wa ufalme alikaa Bumbuli akingoja zamu yake, na mfalme akifa aliletwa Vuga kutoka huko. Kuipita njia hiyo ukiyajua hayo ni sehemu ya ziara. Usilale ndani ya gari.

Irente iwe ya mwisho. Ukisimama pale ukingoni, karibu mita 1,000 chini yako ni Mazinde na tambarare za mkonge. Wageni wengi huona mandhari tu. Lakini Mazinde ndiko alikokaa Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, kando ya njia ya misafara, akapata bunduki kwa biashara. Baba yake alipofariki, kiti kilikwenda kwa mjukuu, Shekulwavu, kutoka Bumbuli. Semboja akaishambulia Vuga na kumkimbiza. Kisha hakuhamia juu: alimweka mwanawe Kimweri Maguvu kwenye kiti cha Vuga, yeye akabaki chini penye bunduki na wafanyabiashara. Wakuu wawili wanaoshindana ndilo jambo ambalo imani ya mvua ilikuwa ikilionya, na miaka iliyofuata ilikuwa ya vita na watu kuuzwa utumwani. Wajerumani walikuta nchi iliyochoka. Mwaka 1895 walimnyonga mfalme Mputa, na utawala ukahamia mikononi mwao. Mtu aliyetoka Vuga juzi, akasimama Irente leo, anaona ramani ya ugomvi huo kwa macho yake mwenyewe, juu na chini.

Msitu wa Magamba, mbega wake na njia zake za kivuli unafaa asubuhi ya siku ya kupumzika, na mtu wa miguu anaweza kuendelea hadi Mlalo na Mtae. Benki zipo Lushoto, ila kule Vuga beba fedha taslimu za noti ndogo. Ukiwa na siku mbili tu milimani, mimi ningeacha Magamba na Mtae, nitumie ya kwanza Vuga na ya pili Irente. Ukiwa na moja tu, shuka Soni, usifike hata Lushoto, na uende Vuga.