Binti Anapoikimbia Sahani kwa Jina la Saumu

Saumu ya Jumatatu na Alhamisi ni sunna tukufu, na mzazi anayemwona binti yake akidumu nayo humshukuru Mola wake. Lakini zipo nyumba ambamo saumu hiyo imegeuka pazia. Binti hufunga Jumatatu, akaunganisha Jumanne na Jumatano. Adhana ya magharibi ikisikika, hula tende moja, akanywa maji, kisha akadai ameshiba. Akilazimishwa kula, hukimbilia chooni mara tu baada ya chakula. Nguo zinampwaya na nywele zinakatika, naye bado hujiona mnene. Mama mwangalifu hugundua na jambo jingine: miezi mitatu imepita binti hajaacha swala hata siku moja, kwa kuwa hedhi imekatika.

Huo si uchamungu uliozidi, wala si deko. Ni maradhi. Mwaka 1873 tabibu William Gull wa London aliyaeleza na kuyapa jina la anoreksia nevosa. Nduguye ni bulimia, ambapo mtu hula kwa pupa, kisha hujitapisha au hunywa dawa za kuharisha. Wavulana nao hupatwa, hasa wanaohangaikia umbo la mwili. Maradhi haya huua, kwa moyo kudhoofika au kwa mgonjwa kukata tamaa ya maisha.

Wengi wetu humwambia mgonjwa, "Acha ujinga, kula." Kwa nini hasikii? Jibu moja lilipatikana Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa takriban miezi sita chini ya usimamizi wa mtafiti Ancel Keys. Walipokonda, wengi wao waliwaza chakula mchana na usiku, wakawa wakali na wenye huzuni, wakajitenga na wenzao. Tunajifunza hapa kwamba njaa yenyewe huivuruga akili. Kwa hiyo chakula ni dawa ya kwanza, na mawaidha peke yake hayatoshi.

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi hutibiwa wakiwa nyumbani kwao, bila kulazwa. Kwa kawaida wataalamu watatu husaidiana. Daktari hupima uzito, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na chumvichumvi za mwilini. Mtaalamu wa lishe hupanga mlo. Mwanasaikolojia hushughulikia hofu na fikra zilizomfunga mgonjwa. Mwanzoni mahudhurio huwa ya kila wiki.

Kwa vijana wanaoishi na wazazi, njia inayosifiwa sana ni ile iliyoanzia katika Hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980. Wazazi hawalaumiwi, bali hukabidhiwa uongozi wa meza. Wao huamua kinacholiwa na kiasi chake, na hukaa na kijana mpaka amalize, kwa upole usioyumba. Uzito ukirejea, kijana hurudishiwa uamuzi wake hatua kwa hatua. Mwishoni hutazamwa mambo mengine ya ujana wake. Safari hiyo huchukua miezi mingi, na kurudi nyuma mara moja si kushindwa.

Mlo wenyewe si wa kigeni. Ni milo mitatu kwa siku, na vitafunio viwili au vitatu katikati: uji wa maziwa, mayai, wali na maharage, samaki, ndizi, parachichi, karanga. Tahadhari moja ni ya lazima. Aliyekaa na njaa muda mrefu asishindiliwe chakula kingi kwa ghafla. Madini kama fosfeti na potasiamu huweza kushuka katika damu, moyo ukasimama. Daktari ndiye apange mwanzo. Akizirai, akitapika damu, moyo ukimwenda mbio au polepole mno, au akitamka kutaka kufa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Je, Ramadhani? Katika Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa asifunge na akamilishe idadi katika siku nyingine. Daktari mwaminifu akisema saumu itamdhuru, kula kwake ni kuipokea ruhusa ya Mola. Atalipa akipona, kwa wakati ambao daktari ataona ni salama. Tukumbuke pia kisa cha Salman na Abu Dardaa, Allah awaridhie. Salman alikataa kula mpaka mwenyeji wake, aliyekuwa katika saumu ya sunna, ale pamoja naye. Akamkumbusha kuwa nafsi yake na ahli zake wana haki juu yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsadikisha Salman.

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti tuna wajibu hapa. Familia ikituletea binti ili asomewe ruqya, tumsomee, na siku hiyo hiyo tuielekeze hospitalini. Dua na dawa havigombani. Idara za afya ya akili zipo Muhimbili, Mirembe mjini Dodoma, na Kidongo Chekundu kule Unguja, na hospitali ya mkoa huweza kumpa mgonjwa rufaa. Nauli ya mahudhurio ya kila wiki ikiwa mzigo, mfuko wa sadaka umeundwa kwa hali kama hiyo. Siri ya familia ibaki ndani ya kuta za ofisi.

Nanyi wazazi, acheni mizaha ya "umenenepa" na "umekonda" mbele ya wageni. Kaeni na watoto wenu kwenye sinia moja, mle pamoja, na mkiona dalili msisubiri Ramadhani ipite.

Tunamuomba Allah awaponye vijana wetu na azipe subira nyumba zao. Wabillahi tawfiq.