Kuunda tarakilishi Kericho: Kagua umeme kabla ya kununua vipuri

BONASI ya majani chai huwafikia wakulima wadogo wa Kericho na Bomet mara moja kwa mwaka, aghalabu mwezi wa Oktoba, na humkuta kila mmoja nyumbani akiwa na lake: karo, mabati, ng'ombe wa maziwa. Siku hizi tarakilishi ya mezani nayo imo katika orodha hiyo, hasa palipo na mwanafunzi wa chuo, na si ajabu kijana kumshawishi mzazi kwamba itagharimu kidogo akinunua vipuri na kuiunda mwenyewe.

Dai hilo lina ukweli nusu. Kwa anayetaka kuandika insha na kuperuzi mtandao tu, mashine zilizotumika Ulaya kisha zikakarabatiwa, kama zile zinazouzwa Luthuli Avenue jijini Nairobi, ni vigumu kuzishinda kwa bei. Faida ya kujiundia humwendea mwenye kazi nzito, kwa mfano kuhariri video au kuchora ramani za majengo, na yule anayetaka kubadilisha kipuri kimoja kimoja kadiri pesa zinavyopatikana. Wala asidhani atanunua mashine kuukuu ya ofisi na kuhamishia viungo vyake katika kasha jipya. Nyingi za Dell na HP zina bodi na nyaya za umeme za maumbo ya pekee, zisizooana na vipuri vya kawaida.

Aliyekwisha kuamua hana budi kuanzia ukutani, kwenye soketi ya umeme. Kericho hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na dhoruba hizo za alasiri huja na radi. Umeme hukatika, kisha hurejea kwa kishindo ambacho kinaweza kuunguza bodi. Kifaa cha kuzuia mishtuko ya umeme husaidia, ila vingi hutegemea waya wa ardhi ili kuutupa umeme uliozidi. Pasipo waya huo, kinga yake hupungua sana. Fundi mwenye leseni aitwe aupime kabla ya senti moja kutumwa dukani. Hata hivyo, hakuna kifaa cha bei ya nyumbani kinachostahimili radi inapopiga karibu. Dawa ni kuchomoa plagi, pamoja na waya wa intaneti, mawingu yanapotanda.

UPS nayo hununuliwa kwa kudhaniwa kuwa jenereta. Kazi yake ni kumpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine taratibu. Iliyoandikwa 650VA haibebi wati 650. Nyingi za ukubwa huo hukomea karibu wati 400.

Ndani ya kasha, kipuri kisichostahili kubaniwa pesa ni kile kinachogawa umeme. Baadhi ya vile vya zamani vina swichi ndogo nyuma yenye alama 115 na 230. Kikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa katika umeme wa Kenya wa volti 240, huungua papo hapo, na huenda kikaangamia na vingine.

Kisha huja suala la kuoana. Kumbukumbu za DDR4 haziingii katika nafasi za DDR5. Bodi za AMD zenye soketi ya AM4 hutumia DDR4, ilhali za AM5 hukubali DDR5 pekee. Prosesa za Intel ambazo majina yake huishia kwa herufi F hazitoi picha bila kadi ya michoro, jambo ambalo wengi hulitambua kiwambo kikiwa tayari cheusi. Bei ya kumbukumbu nayo ilipanda kote duniani kuelekea mwisho wa 2025, viwanda vilipoelekeza bidhaa kwenye vituo vya akili unde, kwa hivyo makadirio ya kabla ya hapo hayafai kutegemewa.

Baridi ya nyanda za chai ni neema kwa feni, lakini unyevu na masizi ya kuni ni adui. Kasha likae juu ya meza, mbali na jikoni na ukuta unaotoa maji.

Anayenunua Nairobi amwombe muuzaji aunganishe bodi, prosesa, kumbukumbu na kigawa umeme palepale juu ya kaunta, aone picha ikitokea kabla ya kulipa. Risiti iandikwe nambari ya kila kipuri, kwani safari ya kutoka Litein kurudisha kumbukumbu iliyokufa humeza nauli na siku nzima.