Mti wa Mkebeni Wakati wa Kiangazi

Ukipita katika mitaa ya Uvira, tazama mbele ya nyumba na kando ya kanisa. Utaona mikebe ya mafuta, ndoo kuukuu na bidoni zilizokatwa, na ndani yake miti midogo yenye majani mazuri. Majani mengine ni mekundu, mengine ya manjano, mengine ya kijani yenye mistari na madoa. Mti huo ni krotoni. Watu hawaupandi kwa ajili ya matunda, wala kwa ajili ya maua, maana maua yake ni madogo sana. Waupanda kwa ajili ya majani yake.

Asili ya krotoni si Kongo. Kwao ni mbali, katika visiwa vya Indonesia na visiwa vingine vya bahari ya Pasifiki, penye joto na mvua nyingi. Kwa hiyo mti huu hupenda vitu viwili: joto na unyevu. Joto la Uvira laufaa. Wakati wa masika hata unyevu haukosi, na krotoni hustawi bila taabu. Lakini mwezi wa sita mvua hukatika. Mwezi wa saba na wa nane hainyeshi, au hunyesha kidogo sana. Nyasi za uwanda wa Ruzizi hukauka, vumbi hupaa, na upepo wa kusini huvuma ziwani. Ndipo mikebe mingi hubaki na vijiti vikavu tu.

Na wakati huo ndio tunaoyahitaji majani hayo. Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria ni tarehe 15 ya mwezi wa nane, katikati ya kiangazi. Maua mengi ya uani yamekwisha kukauka. Mtoto aliyetunza krotoni yake atapata kitu cha kupamba altare. Asiyeitunza atakuja mikono mitupu.

Kwa nini mti wa mkebeni hufa?

Tuseme mmepanda krotoni mbili siku moja, moja ardhini na nyingine katika mkebe. Kiangazi kikifika, ile ya ardhini hulegea saa ya jua kali, lakini jioni huinuka tena. Ile ya mkebeni hupukutisha majani, kisha hufa. Sababu ni nini?

Sababu ya kwanza ni mizizi. Mzizi wa ardhini hushuka chini na kwenda pembeni, ukitafuta maji. Mzizi wa mkebeni hufika ukutani na kuzunguka. Maji yake yote ni yale yaliyo katika udongo ule mchache. Na majani hayaachi kutumia maji. Kila jani lina vitundu vingi, vidogo hata macho hayavioni, na maji hutoka humo kama mvuke. Siku ya upepo mkavu hutoka upesi zaidi, kama vile nguo zilizoanikwa zinavyokauka upesi siku ya upepo.

Sababu ya pili ni joto. Saa nane ya mchana gusa mkebe uliokaa juani. Wauchoma mkono! Chini ya ardhi mizizi hukaa penye baridi, lakini mkebeni imebanana na bati la moto. Hupikwa kama viazi chunguni.

Lakini mti wa mkebeni una faida moja. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda sana, maji yakaingia katika nyua nyingi za Uvira zilizo karibu na ufuko. Mti uliopandwa ardhini hauwezi kuyakimbia maji. Mti wa mkebeni hubebwa kwa mikono miwili.

Basi, shikeni neno hili. Mti wa ardhini hujitafutia maji, lakini hauwezi kukimbia. Mti wa mkebeni huweza kubebwa, lakini hauwezi kujitafutia maji. Wewe uliyeutia mkebeni ndiwe miguu yake, na ndiwe mvua yake.

Kutayarisha mkebe

Toboa chini ya mkebe matundu manne au matano kwa msumari. Mkebe usio na tundu ni kisima: maji hutuama, mizizi huoza. Funika kila tundu kwa kigae, ili maji yapite na udongo ubaki. Changanya sehemu mbili za udongo mzuri wa shamba, sehemu moja ya samadi ya zamani iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Kazi hii ifanywe mvua zinapoanza, siyo wakati wa kiangazi. Wakati wa kiangazi usiukate mti, wala usiuhamishe kutoka mkebe huu kwenda mkebe mwingine. Uache upumzike.

Juu ya udongo tandaza nyasi kavu au makapi ya mpunga. Blanketi hilo huzuia jua lisinyonye maji. Tena, ukiwa na chombo kikubwa zaidi chenye matundu, tia mkebe ndani yake, na katikati ujaze mchanga. Ukiunyunyizia mchanga huo maji kidogo, utapoa, na mizizi nayo itapoa. Mtungi wa nyumbani hupoza maji kwa njia hiyo hiyo: maji kidogo hupenya nje, hukauka, na kukauka kwake huondoa joto.

Mahali pa kuuweka

Ninyi wa Uvira mnajua njia ya jua. Asubuhi huchomoza ng'ambo ya ziwa, upande wa Burundi. Jioni hutua nyuma ya milima ya Mitumba. Jua la asubuhi ni la upole, jua la alasiri ni kali. Kwa hiyo weka mkebe upande wa nyumba unaoelekea ziwa, chini ya ukingo wa paa. Hapo utapata mwanga asubuhi na kivuli alasiri. Upande wa kusini simamisha kizuizi cha matete, upepo usiupige. Lakini usiufiche gizani, maana krotoni isiyoona mwanga hupoteza rangi na kurudia kijani kitupu.

Maji

Maji ya Uvira yana jasho. Bidoni nyingi hubebwa na mama au na mtoto, kutoka bombani, mtoni au ziwani. Tena mji huu umeteswa mara nyingi na kipindupindu. Basi, maji safi ya kunywa ni ya watu kwanza. Mti usinyang'anye kikombe cha mtu.

Mti utakunywa nini? Utakunywa maji yaliyooshea mchele, maharagwe na mboga. Usiupe maji yenye chumvi ya kupikia wala yenye sabuni nyingi. Maji ya ziwa yafaa, lakini yana chumvi kidogo iliyoyeyuka ndani yake. Maji yakikauka, chumvi hubaki, na baada ya miezi utaona ukoko mweupe juu ya udongo. Mvua za kwanza zikija, toa mkebe nje, mvua iuoshe udongo wake.

Usimwage maji kwa mazoea. Tia kidole katika udongo mpaka kiungo cha pili. Ukisikia unyevu, ngoja. Ukiona ukavu, mimina polepole, asubuhi mapema au jioni, mpaka maji yaanze kutoka chini. Udongo ukikauka mno hujitenga na ukuta wa mkebe, na maji hupita pembeni bila kuulowesha. Hapo weka mkebe katika beseni lenye maji kidogo kwa nusu saa, unywe kwa chini. Kisha uutoe, na maji yaliyobaki uyape mti mwingine.

Angalia tena: majani yaliyolegea si alama ya kiu sikuzote. Kama majani yamelegea na udongo umelowa, mizizi yaoza. Ukizidisha maji wauua mti kwa huruma yako.

Hatari mbili

Sahani yenye maji chini ya mkebe ni nyumba ya mbu. Mwaga maji yake kila siku. Tena utomvu wa krotoni ni sumu. Usitafune jani, usiguse macho baada ya kulikata, nawa mikono. Waangalie wadogo zako, maana rangi nzuri huwavuta.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha ya kwamba Mungu alimweka mtu bustanini ili ailime na kuitunza. Bustani yako yaweza kuwa mkebe mmoja tu. Jirani akiona krotoni yako ina majani mwezi wa nane, atajua ya kuwa hukuisahau hata siku moja.

Maswali

1. Kwa nini mti wa mkebeni hukauka kabla ya mti wa ardhini?
2. Mkebe uwekwe upande gani wa nyumba huko Uvira? Kwa nini?
3. Maji gani ya nyumbani yafaa kwa krotoni, na maji gani hayafai?
4. Majani yamelegea na udongo umelowa. Mti una shida gani?
5. Jaribuni: chukueni mikebe miwili yenye udongo sawa, mtie kila mmoja kikombe kimoja cha maji. Mmoja uwe na nyasi juu, mwingine usiwe nazo. Baada ya siku tatu tieni kidole. Mmeona nini?