Simamisha Video Kabla Nyundo Haijaachiwa

Video nzuri ya sayansi ina hatari yake. Mwanafunzi anaweza kuitazama mwanzo hadi mwisho, akaifurahia, kisha akatoka darasani na dhana ileile potofu aliyoingia nayo. Derek Muller aliligundua hilo katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Sydney, mwaka 2008. Wanafunzi walioonyeshwa maelezo safi ya fizikia waliyasifu na kuzidi kujiamini, lakini uelewa wao haukuongezeka kwa kiasi cha maana. Waliojifunza zaidi ni wale ambao video yao iliitaja kwanza dhana potofu, ikaijadili, ndipo ikaisahihisha.

Mtoto haji shuleni kichwa kitupu. Ameshaona jiwe likianguka na jani likipepea, naye ana maelezo yake. Asipoulizwa, atayabeba maelezo hayo hadi chumba cha mtihani. Mwaka 2004, Eric Mazur na wenzake wa Harvard walichapisha matokeo yanayofanana na hayo: wanafunzi waliotazama tu jaribio likifanywa mbele yao hawakuwazidi sana wale ambao hawakuliona kabisa. Waliotakiwa kubashiri kwanza ndio waliofaulu kulieleza vizuri zaidi.

Kwa hiyo kitufe muhimu kuliko vyote ni kile cha kusimamisha.

Chukua video ya tarehe 2 Agosti 1971. Mwanaanga David Scott wa Apollo 15 amesimama juu ya Mwezi, nyundo mkono wa kulia, unyoya wa kozi mkono wa kushoto. Simamisha hapo. Kila mwanafunzi aandike daftarini: kipi kitatangulia kufika chini, na kwa nini? Wengi watasema nyundo, maana ni nzito. Wengine watasema vyote vitaelea. Waache wabishane, kisha endelea. Nyundo na unyoya vinatua pamoja! Sasa swali la hewa, ambayo Mwezini haipo na hapa kwetu huuchelewesha unyoya, limekuwa swali lao wenyewe.

Usiishie hapo, kwa sababu ndani ya video hiyo mna hesabu pia. Scott aliviachia vitu hivyo kutoka kimo cha mita 1.6 hivi. Wanafunzi wapime muda wa kuanguka kwa saa ya simu, warudie mara kadhaa na kutafuta wastani. Wakipata sekunde 1.4, wazidishe kimo kwa 2, kisha wagawanye kwa kipeo cha pili cha muda: 3.2 kwa 1.96, jibu ni takriban 1.6. Huo ndio mchapuko wa mvutano Mwezini, karibu moja ya sita ya 9.8 ya Duniani. Mwanafunzi amepima Mwezi akiwa amekaa kwenye dawati lake.

Shule isiyo na projekta haijaachwa nyuma. Vizibo vya soda vinatosha kufundishia jumla ya namba witiri. Weka kizibo kimoja. Ongeza vitatu kukizunguka pande mbili, umepata mraba wa 2 kwa 2. Kabla hujaongeza vitano, uliza: umbo litakuwaje? Linakuwa mraba wa 3 kwa 3, na vizibo saba vinavyofuata vinaleta 4 kwa 4. Mtoto anaona kwa macho kwamba 1 + 3 + 5 + 7 ni 16, na anaweza kueleza kwa nini utaratibu huo hautavunjika hata akifika mia.

Tuna bahati kwamba vipindi vizuri vipo kwa lugha yetu. Ubongo Kids, kilichoanza mwaka 2014 jijini Dar es Salaam, kinafundisha hisabati na sayansi kwa katuni na nyimbo. Lakini kipindi bora kabisa hakiwezi kumsubiri mwanafunzi wako afikiri. Kazi hiyo ni yako, mwalimu. Kabla hujawasha video yoyote, amua utaisimamisha wapi na utauliza nini. Ukikosa jibu, acha video hiyo, chukua chaki.