Friji Ukutani, Joto Litoke Wapi?

Gusa ubavu wa friji saa nane mchana, mwezi wa Januari, jijini Dar es Salaam. Kama ni friji ya miaka ya karibuni, bati lake laweza kuwa la moto hata ukauondoa mkono. Wapo wanaomwita fundi siku hiyohiyo wakidhani mashine inaungua. Haiungui. Joto unaloligusa lilikuwa ndani ya chupa za maji, ndani ya maziwa, ndani ya samaki wa soko la Feri walioletwa asubuhi. Limetolewa humo na sasa linatafuta njia ya kwenda zake. Anayetaka kuizamisha friji ukutani aanze na joto hilo kabla fundi hajashika tindo.

Na wanaotaka kuizamisha wapo. Kuanzia Bunju, Boko na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, watu wengi hujenga kidogokidogo: vyumba viwili vinakaliwa, vingine vinasubiri bati. Nyumba ikishakamilika, zamu ya jiko hufika. Jiko la uani linaachiwa mkaa, maharage na pilau la shughuli. La ndani linawekwa makabati, sinki, marumaru na jiko la gesi. Hapo friji inaanza kuwa kero. Makabati ya chini yana kina cha sentimita 60 hivi, ilhali friji ya kawaida, ukiihesabu pamoja na mlango na nafasi ya nyuma, inafika 70 au kupita. Katika jiko jembamba, tofauti hiyo ndiyo nafasi ya watu wawili kupishana. Fundi mwashi anaombwa aule ukuta kidogo, naye anajibu kwa swali: "Mama, tunazama inchi ngapi?"

Jibu liko kwenye tofali. Kuta nyingi za pembezoni mwa jiji zimejengwa kwa tofali za saruji za inchi 5 au 6. Ukiongeza lipu pande zote mbili, unene wote ni kama sentimita 18. Hata ukuta wa tofali zilizolazwa, wa inchi 9, hauimezi friji. Wazee wa mwambao walikuwa matajiri wa kuta. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene ukikaribia nusu mita, na mafundi wakazitia zidaka safu kwa safu za kuwekea vyombo vya kaure. Kidaka kiliingia ukutani na ukuta ukabaki nyuma yake. Kwetu leo, ukilichimba tofali la inchi 6 umeshatokea chumba cha pili.

Basi kuizamisha friji katika nyumba hizi ni kuutoboa ukuta, na mara nyingi upande wa pili ni stoo. Stoo ndiyo inayotoa sentimita 40 au 50 zinazokosekana. Mimi naliona hilo kuwa bahati kubwa, kwa sababu stoo inampa mwenye nyumba kitu ambacho ukuta peke yake haungempa: hewa nyuma ya friji.

Ili kuona kwa nini hewa ile ni muhimu, tuifuate mashine yenyewe. Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1834, na friji iliyopo Mbagala leo bado inafuata mzunguko uleule. Kimiminika chepesi kuchemka kinapitishwa katika mirija iliyo ndani ya friji. Kinachemka na kuwa gesi, na katika kuchemka kinanyonya joto la vyakula. Kompresa, ile mashine nyeusi inayonguruma chini nyuma, inaivuta gesi na kuikandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya jikoni. Ni lazima iwe ya moto hivyo, maana joto haliendi lenyewe mahali palipo na joto kuliko lilikotoka. Gesi ya moto inapita kwenye kondensa, inapoa, inarudi kuwa kimiminika, na safari inaanza upya.

Friji, kwa hiyo, haitengenezi baridi. Ni hamali: inabeba joto kutoka ndani na kulitua nje. Na kazi ya kubeba nayo ina joto lake. Kama kompresa inakula wati 80 na kuondoa wati 120 kwenye vyakula, kondensa haina budi kutua wati 200 zote. Ndiyo maana huwezi kulipoza jiko kwa kuuacha mlango wa friji wazi. Kila uniti ya umeme inayoingia humo huishia kuwa joto la jikoni.

Kondensa iko wapi? Katika friji za zamani ilikuwa ule wavu mweusi mgongoni, kila mtu aliuona na kuupangusa vumbi. Katika nyingi za sasa mirija imefichwa nyuma ya bati la ubavuni, kulia na kushoto, na mgongo umebaki laini. Hapa ndipo hatari ilipo. Mwenye nyumba anaona mgongo laini na kudhani friji haitaki nafasi tena, kisha anaagiza shimo lenye upana uleule wa friji, marumaru zikiigusa pande zote. Kwa macho kazi ni safi, lakini kondensa imezikwa.

Tuipigie hesabu. Ili kuondoa wati 200 za joto bila hewa kupanda zaidi ya nyuzi 10, zinatakiwa kama lita 17 za hewa kila sekunde. Kompresa ikizunguka saa nzima, hiyo ni mita za ujazo 60, zaidi ya mara mbili ya hewa yote ya jiko la mita 3 kwa 3 lenye kimo cha mita 3. Hewa hiyo haisukumwi na mtu. Inapanda yenyewe kwa sababu ya moto ni nyepesi, ilimradi kuna pa kuingilia chini na pa kutokea juu. Ziba kimojawapo na hewa itasimama.

Ikisimama, kondensa inapanda joto ili kulisukuma lile lililokwama. Sheria iliyotokana na kazi ya Mfaransa Sadi Carnot ya mwaka 1824 inatuwezesha kukadiria hasara. Friji yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwenye sehemu ya barafu, inayotua joto kwenye nyuzi 40, ina kiwango fulani cha kazi ambacho haiwezi kushuka chini yake. Iache itue kwenye nyuzi 55 na kiwango hicho kinapanda kwa robo. Mashine halisi hutumia zaidi ya hapo, na juu yake joto la mbavuni linapenya kurudi ndani, likabebwe tena. Kwa familia ya matumizi madogo inayolinda zile uniti 75 za bei nafuu za mwezi kwenye Luku, robo ya umeme wa friji si kitu cha kupuuza. Kompresa nayo inazunguka karibu bila kupumzika, na maisha yake yanafupika.

Hali ya hewa yetu haitusaidii. Friji hupewa daraja la tabianchi, na herufi zake huandikwa kwenye kibandiko cha ndani au cha nyuma. N ni kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32. ST inafika 38, na T inafika 43. Baadhi ya friji za mtumba zinazotoka Ulaya ni za daraja N, na kaskazi inapovuma Januari na Februari, nje peke yake Dar es Salaam hugusa nyuzi 32. Ndani ya shimo, kando ya jiko la gesi, itakuwa zaidi. Ukitaka kuzamisha, tafuta T. Kama ukuta wa nyuma wa shimo unatazama magharibi, hamisha shimo, kwa sababu tofali za saruji zinakunywa jua la alasiri na kulitoa usiku, wakati ambao friji ingepata nafuu.

Watu huonyesha picha za majiko ya Ulaya ambako friji imelingana na kabati na haionekani kabisa. Jiko la namna hiyo, la makabati yaliyojengewa, lina asili yake Frankfurt mwaka 1926, lilipobuniwa na Margarete Schütte-Lihotzky kwa ajili ya nyumba za mradi ulioongozwa na Ernst May. Lakini friji za kwenye picha zile ni za aina nyingine. Zimeundwa zikae ndani ya kabati, na kijitabu chake huagiza njia ya hewa, kwa kawaida yenye tundu lisilopungua sentimita za mraba 200, kuanzia chini ya mlango hadi juu ya kabati. Friji ya kusimama peke yake, hii tunayonunua Kariakoo, haina mpango huo. Mpango unatakiwa uwe wa mwashi.

Kwa hiyo toboa pana. Kijitabu cha friji hutaja nafasi inayotakiwa. Kikiwa kimepotea, acha sentimita 5 kila ubavu, 5 hadi 10 nyuma, na kama 30 juu. Upande wa stoo usijenge sanduku la tofali lililozibwa. Weka fremu yenye wavu chini na juu, na stoo yenyewe iwe na dirisha. Mwili wa friji uzame, ila mlango wote ubaki mbele ya lipu. Milango mingi inahitaji kufunguka kupita pembe mraba ndipo droo za ndani zivutike, na ukiuingiza ukutani utagonga kona kila siku.

Ukuta nao usikilizwe. Katika nyumba nyingi kenchi za paa zimekalia pia kuta za ndani, hivyo paa lishikiliwe kwa mirunda kwanza, lenta imwagwe juu ya uwazi na kukomaa, ndipo tofali zitinduliwe. Fundi umeme aonyeshe paipu zinapopita. Soketi iwekwe pembeni ambapo mkono unafika na taa ya friji gadi inaonekana. Kifaa hicho kinapoichelewesha kompresa dakika chache baada ya umeme kurudi, kinaipa gesi muda wa kusawazisha msukumo, na bila hivyo kompresa inahangaika kuwaka dhidi ya mzigo.

Liko jambo moja zaidi, na kwangu ni la afya kuliko la jiko. Katika friji isiyogandisha barafu kwenye kuta zake za ndani, maji ya barafu inayoyeyuka hushuka kwenye kisahani kilicho juu ya kompresa, yakaukie hapo kwa joto lake. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi na shimo lililobana halina upepo, kwa hiyo maji yanakaa. Visahani hivyo vinajulikana katika nchi nyingi kuwa mazalia ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Yai lake huchukua kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Basi friji isikwamishwe kwa fremu ya mbao iliyopigiliwa. Ikae juu ya magurudumu, na sakafu ya shimo ilingane na ya jiko bila kizingiti, ili mtu mmoja aweze kuivuta nje kila wiki, kumwaga maji ya kisahani na kukisugua.